Nyuki Wameacha Nini? Kusoma Mzinga Uliobaki Mtupu, Moshi na Arusha

Ukifungua mzinga uliokuwa mzito mwezi uliopita ukakuta kimya, wazo la kwanza ni ugonjwa. Napokea picha za namna hiyo kila mara, kutoka Kibosho, Machame, Usa River, hadi Kahe kule tambarare: kiunzi kimeinuliwa, sega limekauka, na chini yake swali lilelile, "Ndugu, nipulize dawa gani?" Mara nyingi hakuna dawa ya kupuliza. Mzinga unaeleza wenyewe kilichotokea, na ukikimbilia kukwangua na kuchoma masega umefuta ushahidi wote.

Hilo nilifundishwa na mzee mmoja wa Uru, mwenye mizinga ya magogo ya mringaringa iliyoning'inia juu ya migomba tangu sijazaliwa. Nilimwendea nikiwa nimepoteza makundi manne katika msimu mmoja. "Shikamoo babu," nikaanza. "Marahaba. Kabla hujaendelea, niambie wameacha nini humo ndani." Sikuwa na jibu. Masega yote nilikuwa nimeyatia kwenye sufuria nikayachemsha nta.

Tuanzie hapo alipoanzia yeye.

Mzinga mtupu, na hakuna nyuki waliokufa

Toa viunzi kimoja kimoja, uangalie asali, chavua na majana (watoto wa nyuki walio bado vijumbani).

Masega yakiwa makavu kabisa, bila asali, bila yai wala jana hata moja, na vijumba ni safi kama vimefagiwa, hao wamehama kwa njaa, tena kwa mpango. Malkia hupunguza kutaga, majana ya mwisho huachwa yakomae, asali iliyobaki hubebwa tumboni, ndipo kundi zima huondoka. Tambarare hutokea kwenye kiangazi kikali, vuli ikiwa imekatika mapema. Milimani hutokea Juni hadi Agosti, wakati ukungu unashinda juu ya vihamba, mashamba yetu ya migomba, na nyuki hawapati saa mbili za jua. Anayesababisha mara nyingi ni sisi wavunaji. Mtu anavuna hadi sega la mwisho kwa kuwa bei ni nzuri, kisha baridi inaingia. Mimi huacha masega matano ya asali kwa kila mzinga wa viunzi kabla ya Juni, na sega lililopakana na majana siligusi. Weka pia beseni la maji lenye mawe ya nyuki kutua, hasa kama mto uko mbali.

Kama asali ipo, na pengine majana pia, wamekimbizwa. Tafuta aliyewakimbiza. Nyegere humwaga mzinga chini na kuacha alama za kucha kwenye mbao. Siafu huacha usafi wa kutisha: majana yote yameng'olewa vijumbani, na chini ya mzinga kuna vipande vya mabawa na miguu. Jua la mchana likipiga bati moja kwa moja, sega huwa limelegea na kukatika kutoka kwenye kiunzi. Na kama ulivuna juzi kwa moshi mwingi na moto, aliyewakimbiza ni wewe.

Kwa siafu, ning'iniza mzinga kwa waya, upake waya grisi au oili chafu, na ukague upya kila baada ya mvua. Halafu zunguka mzinga ukitafuta jani au tawi lolote linalougusa. Jani moja la mgomba lililoinama ni daraja tosha. Nimewahi kupoteza kundi kwa jani la namna hiyo, waya zote zikiwa na grisi mbichi.

Kuna sababu nyingine watu hawaifikirii. Nyuki wa tambarare na nyuki wa mlimani ni aina mbili: kule chini na kwenye savana ni *Apis mellifera scutellata*, na kwenye misitu ya juu ya Kilimanjaro na Meru ni *Apis mellifera monticola*, mweusi zaidi na mpole kidogo, anayevumilia baridi. Mtu ananasa kundi huko Kahe, analipandisha Kibosho kwenye gari usiku, na Julai mzinga ni mtupu. Nasa nyuki pale pale unapotaka kuwafuga.

Masega yamelowa, yananuka kama machungwa yaliyooza

Harufu hiyo ukiishaipata mara moja huisahau. Asali inachuruzika ikiwa na povu, sega limekuwa tope la hudhurungi, na ndani yake funza weupe wa urefu wa sentimita moja wanatambaa kwa wingi. Huyo ni mbawakawa mdogo wa mzinga, *Aethina tumida*. Mdudu mzima ana urefu wa milimita 5 hadi 7, rangi ya kahawia nzito hadi nyeusi, na ukifungua mfuniko anakimbilia gizani kwenye pembe.

Mdudu huyu ni wa kwetu. Asili yake ni Afrika kusini mwa Sahara, na alipogunduliwa Florida, Marekani, mwaka 1998, aliangamiza makundi mengi ya nyuki wa kule ambao hawakuwahi kuishi naye. Nyuki wetu wanamjua. Siku moja tazama kwa makini pembe ya mzinga wenye nguvu: utaona vibarua, yaani nyuki wafanyakazi, wawili watatu wamesimama vichwa chini mbele ya ufa mwembamba, na ndani ya ufa mbawakawa watano au sita wamebanwa nyuma ya kiukuta cha gundi ya nyuki. Walinzi wale hawaondoki. Zamu hubadilishwa, lakini ufa haubaki wazi.

Kwa hiyo tope likionekana, swali ni kwa nini ulinzi umeshindwa. Majibu ninayoyakuta ni matatu. Nyuki ni wachache kuliko masega ya kulinda, labda kwa sababu kundi lilitoa mtoto na nusu ya nguvu ikaondoka. Au mvunaji aliacha masega yaliyovunjika sakafuni, yakageuka kitalu. Au mzinga ulitengenezwa kwa mbao mbichi, zikakauka zikaachana, na sasa kuna nyufa nyingi kuliko walinzi.

Sega lenye tope litoe lote. Usilitupe chini ya mzinga: funza wakikomaa huanguka na kujichimbia udongoni, wakageuka wadudu kamili na kurudi juu. Lifukie mbali, shimo refu, au liunguze. Punguza viunzi vibaki vinavyofunikwa na nyuki, ziba nyufa kwa nta, na hakikisha mzinga unakaa pakavu penye jua la asubuhi. Udongo mlaini wenye kivuli na unyevu, kama ule wa chini ya migomba, unampendeza sana funza huyu. Ndiyo maana mimi nimehamishia mizinga yangu ukingoni mwa kihamba, ingawa katikati palikuwa na upepo mdogo.

Usimchanganye na mbawakawa mkubwa mweusi wa karibu sentimita mbili, ambaye hutembea juu ya sega bila haraka akila majana. Nyuki hawamwezi kwa sababu mwiba haupenyi gamba lake. Mtoe kwa mkono, mmoja mmoja, kisha punguza kimo cha mlango hadi milimita 8. Nyuki watapita, yeye hapiti.

Utando mweupe na vinyesi vyeusi

Ni nondo wa nta. Viwavi wake huchimba mahandaki ndani ya sega na kuyafunika kwa utando, na mwishoni hujibana kwenye mbao wakisuka vifuko vigumu vinavyoacha mitaro kwenye ubao. Watu husema nondo ameua mzinga. Karibu kila mara amekuta kundi limekwisha kudhoofika, au limeondoka kabisa. Safisha, unguza utando, na masega matupu unayohifadhi yaning'inize penye hewa na mwanga badala ya kuyarundika stoo. Kisha rudi kutafuta kilichowadhoofisha nyuki kabla yake.

Nyuki wadogo wanatambaa chini, mabawa yamejikunja

Hapa ndipo penye utitiri wa varoa.

Ishara unayoiona kwanza ni nyuki mchanga ametoka mzingani akitembea, hawezi kuruka, mabawa ni kama karatasi iliyofinyangwa. Hicho ni kirusi cha kukunja mabawa, na mbebaji wake ni utitiri *Varroa destructor*. Utitiri huu ulitokea kwa nyuki wa Asia, ukahamia kwa nyuki wetu kwa sababu watu walisafirisha makundi. Afrika Kusini ulionekana mwaka 1997, na Kenya mwaka 2009. Mpaka wa Namanga hauzuii kundi linaloruka, nasi huku tunao.

Jike huingia kwenye kijumba cha jana muda mfupi kabla hakijazibwa, akataga humo, na wanawe hulelewa juu ya jana lile likiwa gizani. Hupenda zaidi majana ya madume, kwa kuwa hukaa yamezibwa takriban siku 15, wakati ya vibarua ni takriban 12. Siku tatu hizo zinampa nafasi ya kukomaza watoto zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba chakula chake kikubwa ni tishu ya mafuta ya mwili wa nyuki, ile inayohifadhi nguvu na kinga, wala si damu kama tulivyoambiwa miaka mingi. Ndiyo sababu nyuki aliyelelewa naye anatoka akiwa dhaifu hata kama mabawa yake ni mazima.

Kabla ya kusema ni varoa, mtofautishe na chawa wa nyuki. Wote ni wekundu wa kahawia, wote ni wadogo kama kichwa cha pini. Varoa ni bapa, mpana kuliko urefu wake, kama kaa mdogo, upana wa milimita moja na nusu hivi, ana miguu minane, na hujipenyeza kati ya magamba ya tumbo. Chawa ana miguu sita, ni wa mviringo, hukaa mgongoni karibu na kichwa na hupenda kumpanda malkia. Kwa kweli ni nzi asiye na mabawa, anayeiba chakula mdomoni mwa nyuki. Huyo hana madhara ya kukukosesha usingizi.

Kupima, fanya hivi jioni. Chukua kopo la mdomo mpana lenye mfuniko wa wavu wa matundu ya milimita 3. Kung'uta nyuki kutoka sega lenye majana, nusu kikombe, ambao ni kama 300, baada ya kuhakikisha malkia hayumo. Mwagia vijiko viwili vya sukari ya unga ile ya kupambia keki, viringisha kopo taratibu kwa dakika moja, liache dakika mbili, kisha ligeuze ulitikise juu ya sahani nyeupe yenye maji kidogo. Sukari inayeyuka, utitiri unabaki ukionekana. Gawa idadi kwa tatu upate utitiri kwa kila nyuki 100. Nyuki warudishe, wenzao watawalamba. Ukitumia spiriti badala ya sukari hesabu ni sahihi zaidi, lakini nyuki hao wote wanakufa, nami sioni haja kwa mfugaji wa mizinga kumi.

Sasa kuhusu dawa. Namwomba kila mfugaji wa Kilimanjaro na Arusha asitie dawa ya utitiri mzingani. Huko Ulaya na Marekani wanalazimika, maana nyuki wao wasipotibiwa mara nyingi hufa. Wetu wanapambana wenyewe. Wanafungua vijumba vyenye utitiri na kutoa majana yaliyoathirika, wanasuguana miili kuudondosha, na wanatoa makundi na kuhama mara kwa mara, jambo linalokata uzazi wa utitiri kwa sababu hakuna majana ya kuuhifadhi. Afrika Kusini walipouacha bila dawa kwa makundi mengi, baada ya miaka michache nyuki wakawa wanauvumilia. Ukitia dawa unayaokoa makundi dhaifu yaendelee kuzaa madume dhaifu, na unawafundisha utitiri kustahimili dawa. Na kuna hatari kubwa zaidi. Nimeona watu wakichovya kitambaa kwenye dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitrazi wakakiingiza mzingani, kwa sababu wamesikia amitrazi inaua varoa. Inaua, ndiyo. Lakini kipimo kile kilipimwa kwa ngozi ya ng'ombe, na mabaki yake huingia kwenye nta na asali utakayompa mtoto wako.

Cha kufanya ni kukata sega la madume lililozibwa, majana yakiwa bado ndani, na kuwapa kuku. Umeondoa utitiri mwingi kwa kisu kimoja. Kundi linaloonyesha mabawa yaliyojikunja kila mwezi, usilitumie kuzalisha makundi mapya.

Lundo la nyuki waliokufa mlangoni

Hawa si wa utitiri. Utitiri hauui mia tano kwa asubuhi moja. Ukikuta lundo, okota wachache uwaweke kiganjani. Ulimi umetoka nje na umenyooka? Miguu bado ina chavua? Walio hai wanatetemeka, wanazunguka kwa mgongo? Hiyo ni sumu ya shambani, na imepulizwa ndani ya siku moja au mbili, karibu na hapo.

Kwetu mara nyingi ni nyanya, maharage au tikiti wakati wa maua. Mpulizaji anaanza saa tatu asubuhi kwa sababu umande umekauka, na hiyo ndiyo saa nyuki wamejaa kwenye maua. Nimewahi kupoteza makundi sita kwa shamba moja la nyanya na matikiti, na mwenye shamba hakuwa mtu mbaya; hakuna aliyewahi kumwambia. Nilimpelekea chupa ya asali, tukakaa, tukakubaliana. Sasa anapuliza baada ya magharibi na kunitumia ujumbe siku moja kabla. Nami usiku ule nafunika milango kwa gunia lililolowa, nalitoa mchana wa siku inayofuata. Matikiti yake yanahitaji nyuki kuliko mimi ninavyohitaji maua yake, na alipoliona hilo mwenyewe hatukubishana tena.

Soma lebo ya dawa pamoja naye. Zenye imidaklopridi na ndugu zake zinapanda ndani ya mmea hadi kwenye mbochi, kwa hiyo hata kupuliza jioni hakutoshi. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku tatu kati ya hizo kwa mashamba ya wazi mwaka 2018. Chupa isiyo na lebo ya Kiswahili wala namba ya usajili, iulizie kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, wako hapo Ngaramtoni.

Kundi linapungua polepole, wala halihami

Tafuta mayai. Ukikuta kijumba kimoja kina mayai matatu manne, mengine yamebandikwa ukutani, hakuna malkia. Vibarua ndio wanaotaga, na watakaotoka ni madume matupu. Ukiwahi, kabla vibarua hawajaanza kutaga, wape sega lenye mayai kutoka mzinga mwingine wenye afya. Watalea malkia wao, atatoka baada ya siku 16 hivi, na mpaka akutane na madume na kuanza kutaga ni kama mwezi mzima. Wasipojenga kijumba cha malkia kwa majaribio mawili, waache. Mzinga huo umekwisha.

Majana yaliyolala yakiwa ya manjano au kahawia, mifuniko imezama na kutoboka, chukua njiti ya kiberiti, ichovye ndani ya jana na uivute. Likivutika kama gundi kwa sentimita mbili au zaidi, usihamishe chochote kutoka mzinga huo, si sega, si kisu, si glavu. Hiyo ni dalili ya ugonjwa wa kuambukiza unaoozesha majana; waite wataalamu siku hiyo hiyo.

Mizinga ya mtego haiingii nyuki

Hii ndiyo dalili inayonisumbua kuliko zote, na watu huiona ya kawaida. Unapaka nta mpya, unapitisha msimu wa maua, unapitisha wa pili, hakuna kundi. Karibu makundi yote tunayofuga ni ya porini yaliyoingia yenyewe. Hatuna kiwanda cha nyuki. Mzinga wa mtego ukikaa mtupu misimu miwili, msitu uliokuwa unatoa makundi umepungua.

Sababu ziko mbele ya macho. Miti ya mruka na msesewe yenye mashimo imekatwa, mahali pake pamesimama mgrivea, ambao una maua mazuri lakini haufikii uzee wa kuwa na pango. Kule chini migunga imekwenda kwenye mkaa. Na wapo wanaovuna asali ya porini kwa moto, usiku, wakiunguza malkia na majana pamoja. Anza na ulicho nacho: acha mti mmoja mkongwe kihambani, panda mringaringa mpakani, na kila mizinga kumi acha mmoja usiuvune kabisa ili utoe makundi.

Ukihitaji kupeleka sampuli

Kituo cha utafiti kilicho chini ya TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania) pale Njiro, Arusha, kinashughulika na nyuki. Pia muone afisa nyuki wa wilaya kabla ya kusafiri. Nyuki wazima watie kwenye kichupa chenye spiriti. Sega la majana kata ukubwa wa kiganja, lisiwe na asali, ulifunge kwenye gazeti. Usitumie mfuko wa plastiki, litaota ukungu njiani. Andika juu yake kwa penseli, si kalamu ya wino: tarehe, kijiji, mzinga wa ngapi, na ulikuta nini ulipofungua.